Somo la Sauti: Mizani, Ndoo na Mafundi wa Kariakoo

   Leo sitakuombeni penseli na daftari peke yake. Naomba kila kikundi kitafute ubao mmoja mrefu, msumari mmoja, mshipi mnene wa kuvulia samaki kiasi cha mita 2, na ndoo yenye mkono imara. Asiyekuwa navyo asione haya, akakae na jirani yake. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 katika nchi yetu walijifunza kwa vikundi mbele ya redio, na redio ilipozimwa walishika majembe wakaenda kuchimba vyoo. Sisi redio ikizimwa tutaning'iniza ndoo.

Somo letu ni la sayansi, lakini nitaliingia kwa mlango wa historia, na mlango wenyewe uko Kariakoo.

Wengi wenu mnajua jina hilo lilikotoka. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga banda kubwa mahali pale. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka pale wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao wenyewe. Mwaka 1923 banda likawa soko. Soko lile la zege lililolifuata, lenye mapaa mfano wa miavuli iliyopinduliwa, lilichorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na mwezi Julai 2021 liliungua vibaya kwa moto.

Wapagazi wale walitoka pande nyingi za nchi na nje ya nchi. Wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa, nasi tusilitaje jina la Kariakoo kama kwamba lilitoka kwenye sherehe. Lakini waliosalimika walikuwa na masikio, na kila mmoja alikuwa na ngoma ya kwao. Siku zile ngoma ya beni ilikuwa imeshika miji yote ya pwani, na katika Dar es Salaam vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa gwaride, sare na tarumbeta. Tarumbeta za shaba ni ghali. Mahali ambapo hapakuwa na fedha, watu walitengeneza zao. Kando ya Ziwa Nyasa, ambako michezo ya namna ya beni ilipelekwa na askari na wapagazi waliorudi makwao, walichukua kibuyu, wakakitoboa tundu dogo ubavuni, wakalifunika tundu kwa utando wa buibui, kisha mtu akaimba ndani ya kibuyu. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu tena. Ilikuwa na mlio mkali wa tarumbeta.

Tafadhali usicheke ukadhani ni mchezo wa watoto. Aliyebandika utando ule alijua kwamba sauti ni mtetemo, na kwamba kitu chepesi hutetemeshwa kwa urahisi kuliko kizito. Angebandika kipande cha turubai, asingepata kitu. Kanuni hiyo mimi nilifundishwa shuleni kwa chaki. Mwalimu alichora mstari wa mawimbi ubaoni, tukaunakili, tukafaulu mtihani. Na jioni nilipita penye ngoma inalia, nisijue kwamba ngoma ile na mstari ule ni jambo moja.

Baada ya beni yalikuja magitaa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baada yake bendi za dansi ziliongezeka mjini mwaka hata mwaka. Wapenzi wa taarabu nao walikuwa na vyama vyao, kama Al-Watan na Egyptian, vyenye fidla na udi. Huo udi, chombo chenye tumbo la mviringo kama boga lililopasuliwa, naomba muukumbuke, maana ndio utakaonivusha bahari.

Yuko mtu mmoja wa kale, Pythagoras wa Ugiriki, ambaye wengi mlimsikia katika hesabu za pembetatu. Ilisimuliwa kwamba siku moja alipita penye kiwanda cha wahunzi, akasikia nyundo zikilia kwa sauti zinazopatana. Akaingia, akazipima nyundo, akaona nyundo moja ina uzito mara mbili ya nyingine, na sauti zao zinapatana kama sauti ya mtoto na baba yake waimbapo wimbo mmoja. Wanamuziki huita mpatano huo oktava. Kisha, hadithi inasema, alikwenda kwake akafunga nyuzi, akatundika uzito ule ule, na nyuzi zikalia vile vile: uzito mara mbili, sauti oktava moja juu.

Hadithi nzuri. Iliandikwa na Nicomachus yapata miaka 1900 iliyopita, ikaandikwa tena na Boethius katika karne ya 6, na wasomi wa Ulaya wakaipokea mmoja kwa mwingine kwa zaidi ya miaka elfu. Ubaya wake ni mmoja tu: si kweli.

Ya nyundo unaweza kuijaribu wewe mwenyewe. Shuka Gerezani, hatua chache kutoka sokoni, ambako mafundi wa chuma wanafua mchana kutwa. Mwombe fundi, kwa adabu na wakati hana kazi ya haraka, apige chuma kile kile kwanza kwa nyundo ndogo, kisha kwa kubwa. Utasikia kishindo kikubwa zaidi, lakini mlio ni ule ule, maana kinacholia zaidi ni chuma kinachopigwa, si nyundo. Wasomi wote wale wa miaka elfu walikuwa na wahunzi katika miji yao. Hawakushuka kuwauliza.

Aliyetundika uzito kweli kweli alikuwa mpiga ala, Mwitaliano Vincenzo Galilei. Ala yake ilikuwa mtoto wa udi. Hata jina ambalo Wazungu wameipa limetokana na neno la Kiarabu la udi. Mtu anayekaza na kulegeza nyuzi kila siku vidole vyake vina mashaka ambayo msomaji wa vitabu hana. Alining'iniza mizigo kwenye nyuzi, akasikiliza, na mwaka 1589 akachapisha kwamba kupata oktava huhitaji uzito mara mbili, bali mara nne. Alikuwa na kijana wa miaka 25 jina lake Galileo, yule yule ambaye baadaye alielekeza darubini mbinguni na kuziona nyota zinazoizunguka Mshtarii. Wanahistoria wengine hudhani kijana alikuwapo nyumbani wakati baba yake anatundika mizigo. Kama alikuwapo, basi alifundishwa kupima kwa chombo cha muziki kabla hajapima kitu kingine chochote.

Sasa turudi kwenye ubao wako. Usinisadiki mimi, wala usimsadiki Vincenzo.

Pigilia msumari kwenye ncha moja ya ubao, ufunge mshipi hapo. Laza ubao mezani, ncha ya pili itokeze nje. Chini ya mshipi weka vijiti viwili vigumu, kimoja karibu na msumari na kingine karibu na ukingo, umbali baina yao uwe sentimita 60 kamili. Mshipi ushuke ukingoni na kubeba ndoo. Ukingo upakwe sabuni ili mshipi uteleze. Ncha yenye msumari iwekewe mawe, ubao usije ukabinuka, na miguu ya watoto ikae mbali.

Tia maji hadi ndoo na maji yake vipime kilo 1. Kama huna mizani, nenda kwa muuza nyanya, mradi mizani yake haijafundishwa uongo. Vuta mshipi kwa kidole, uuachie, usikilize. Sasa chomeka kijiti cha tatu katikati, penye sentimita 30, uvute tena. Sauti ni ile ile, lakini nyembamba: hiyo ndiyo oktava. Mwenye sauti nzuri katika kikundi aishike kwa kuimba, asiiachie.

Ondoa kijiti cha katikati. Ongeza maji hadi kilo 2. Vitabu vya kale vilisema sauti sasa itamfikia mwimbaji. Vuta. Haikufika! Imepanda, ndiyo, lakini imekwama njiani, tena mahali pabaya, inagombana na mwimbaji wenu. Ongeza hadi kilo 3. Bado. Ongeza hadi kilo 4, uvute. Hapo wamekutana. Ikiwa kwenu imepungua kidogo, angalieni sabuni ukingoni, maana msuguano hula sehemu ya uzito kabla haujafika kwenye vijiti.

Mtu akiniuliza sayansi ni nini, mimi ningempeleka akaone dakika ile ya kilo 2, wakati kitabu kinasema hivi na mshipi unasema vile, na watu wazima kumi wametazamana.

Mwaka 1636 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiandika kanuni yote. Ukipunguza urefu nusu, mitetemo ya kila sekunde huwa mara mbili. Ukitaka mara mbili kwa kukaza, mkazo uwe mara nne. Na uzi wenye uzito mara nne kwa urefu ule ule hutetemeka nusu tu ya ule mwepesi. Ndiyo maana uzi mnene wa gitaa umezungushiwa waya mwingine: umeongezewa uzito ili utoe besi bila ya kuulegeza hadi ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Na ukikuta gitaa lolote, pima. Kipande cha 12 kwenye shingo yake kiko katikati kabisa ya uzi, kipande cha 7 huacha theluthi mbili zitetemeke, na cha 5 robo tatu. Mpiga gitaa wa bendi ambaye ati hajui hesabu amekuwa akitembeza vidole juu ya hesabu hizo usiku kucha.

Oktava ya pili je? Si kilo 8. Ni kilo 16, yaani nne mara nne. Sikuombi ujaribu, maana hapo ubao, msumari na mshipi vyote viko hatarini. Wazee walipotuambia kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, walikuwa wakituonya juu ya majivuno. Lakini hawakuutunga mfano huo hewani, waliwahi kuisikia ngozi ikipasuka.

Na ngozi ni ndugu ya mshipi. Katika ngoma za mitaani, kabla ya kuanza na hata katikati ya mchezo, utaona mpigaji anawasha karatasi au majani makavu na kuipitisha ngoma juu ya moto. Watoto hupenda kutazama moto. Wewe sikiliza ngoma. Hewa ya Dar es Salaam ni ya pwani, ina unyevu mwingi, na ngozi hunywa unyevu huo ikalegea. Moto unaukausha, ngozi inajivuta, vigingi vinaishikilia isisogee, basi mkazo unapanda na sauti pamoja nao. Mpigaji hana ndoo wala mizani. Anagonga kwa ncha za vidole, anaizungusha, anaota tena, hata chapuo na msondo zikakaa kila moja mahali pake. Akizidisha dakika moja, ngozi imeungua na fedha ya mbuzi imepotea.

Hata hivyo ngozi ina matata ambayo mshipi hauna. Mshipi ukitetemeka hutoa, pamoja na sauti yake kubwa, sauti nyingine ndogo ndogo zenye mitetemo mara 2, mara 3, mara 4, na hizo zote hupatana. Ngozi iliyowambwa tupu hutoa ndogo zake kwa mara 1.59, mara 2.14, na nyingine za ovyo kama hizo, ndiyo maana ngoma nyingi huvuma bila ya kutaja sauti moja iliyo wazi. Mafundi wa India walilitibu jambo hili zamani. Juu ya ngozi ya tabla, ngoma iliyofika pwani yetu pamoja na Wahindi, hubandikwa duara jeusi la mchanganyiko mzito, tabaka juu ya tabaka, likisuguliwa kwa jiwe. Mwaka 1920 mwanasayansi C. V. Raman wa Calcutta aliichunguza ngoma hiyo akaonyesha kwamba duara lile hulazimisha sauti ndogo za ngozi zipatane kama za uzi. Miaka 10 baadaye Raman alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake nyingine, ya mwanga. Lakini katika habari ya tabla hakusema kwamba amevumbua. Alisema mafundi walikwisha kufika, naye amekuja kueleza wamefikaje.

Je, sisi tulikwenda kwa mafundi wetu? Hapa historia yetu ina mazuri na mabaya. Mwaka 1957 Chuo cha Ufundi kilifunguliwa Dar es Salaam, kile ambacho sasa ni Taasisi ya Teknolojia, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Kariakoo. Mwaka 1965 ulianza mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, na Tanzania ilikuwamo. Nia yake ilikuwa watoto wajifunze kwa mchanga, maji, mbegu na vitu vingine walivyo navyo, badala ya kusubiri vyombo vya kioo kutoka ng'ambo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akalaumu shule inayomtenga mtoto na kazi ya wazazi wake na kumfanya adhani maarifa yote yamo vitabuni. Maneno mazito. Lakini shule nyingi ziliyasikia kama amri ya kulima shamba la shule, na jembe likashikwa na mikono bila ya kuulizwa swali lolote. Ubao na zeze havikuingia.

Na swali lenyewe lilikuwa na gharama. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yake ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani wakamcheka. Aliuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Huyu hakucheka; alirudi akajaribu. Mwaka 1969 habari yao ilichapishwa, na mpaka leo wanasayansi duniani wanabishana juu yake. Sisemi kila kijana aliyechekwa alikuwa na haki. Nasema kabla ya kumcheka, jaza ndoo.

Nimebakiza chombo kimoja, marimba ya mkononi, ile ambayo Wagogo huiita ilimba. Wengi waliifahamu kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, mtu wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Ndimi zake hufuliwa kwa misumari iliyopondwa, spoki za baiskeli au vyuma vya mwavuli, vitu vinavyopatikana Kariakoo kwa mafungu. Na juu ya sanduku lake hubandikwa utando wa buibui, kama vile kibuyu cha Ziwa Nyasa. Waliopima ilimba, kama Gerhard Kubik, waliona kwamba sauti zake hufuata hesabu ya sauti ndogo za uzi mmoja: 4, 5, 6, 7, 8, 9. Ile ya 7 huwezi kuipata katika piano wala katika vipande vya gitaa. Mtu aliyezoea piano huisikia akasema marimba imekosea. Hesabu inasema piano ndiyo haina nafasi yake.

Ulimi wa chuma nao haufuati kanuni ya mshipi. Mshipi ukiufupisha nusu, mitetemo huwa mara 2. Ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja ukiufupisha nusu, mitetemo huwa mara 4, oktava mbili nzima. Ukiupunguza sehemu moja tu ya kumi, sauti hupanda karibu robo. Ndiyo sababu fundi wa marimba hausukumi ulimi kwa nguvu. Huugonga kidogo, husikiliza, hugonga tena, na akiona umefika huchukua tupa akamalizia ncha.

Basi kazi ya juma hili ni hii. Tafuteni ubapa wa msumeno wa chuma au rula ya chuma, muubane kwenye ukingo wa meza, sentimita 20 ziwe nje. Urusheni kwa kidole, muisikilize sauti. Mwimbaji wenu aitafute oktava moja juu, aishike, nanyi mvute ubapa ndani kidogo kidogo hadi mmfikie. Pimeni urefu uliobaki nje. Wale watakaokisia sentimita 10 watashangaa. Andikeni tarakimu mliyoipata, majina ya wana kikundi, na kama yuko mtaani kwenu mzee anayewamba ngoma au kutengeneza zeze, mwalikeni akae nanyi, mwulizeni yeye huanza kusikiliza nini. Majibu yenu nitayasoma katika somo lijalo, tutakapoingia kwenye filimbi na mabomba. Kwaherini.